Siku ya kuwasha: mwongozo wa kuendesha gari la mvuke ulilojiundia Nairobi

Kila nikisimama Kariobangi kuongeza maji, watu huja kulizunguka gari na maswali ni yale yale. Je, litalipuka? Linakunywa maji kiasi gani? Mtungi wa gesi wa kilo 13 unaweza kuwa boila? Halafu wapo vijana wachache ambao tayari wameunda injini zao katika karakana za jua kali, na hao huniuliza swali ninalolipenda kuliko yote: nikishamaliza kuliunda, siku ya kuliwasha nianzie wapi?

Nimeandika kwa ajili ya hao. Sitafundisha kuunda boila. Nitafundisha kuliamsha gari, kulitembeza barabarani na kulilaza, ukiwa Nairobi, kwa maji ya Nairobi na hewa ya Nairobi. Na kwa kuwa hapa kwetu ukisema "stima" mtu huangalia taa kama zimerudi, nitasema mvuke tu.

Gari ninalolitolea mfano ni langu: viti viwili, boila la kusimama lenye mabomba ya moshi ndani yake, lita 50 za maji, presha ya kazi bar 7, injini ya silinda mbili, cheni inayozungusha ekseli ya nyuma, na moto wa kuni na makaa. Kama lako ni tofauti, badilisha namba. Mpangilio wa hatua usiuguse.

Mtungi wa gesi, na maswali mengine ya kumaliza kwanza

Jibu la mtungi wa gesi ni hapana. Uliundwa kushika gesi mahali pa baridi, haukuundwa kukaa juu ya moto, na ukishaukata na kuuchomelea upya, presha iliyogongwa kwenye shingo yake haina maana tena. Hapana pia kwa kizima-moto cha zamani, na hapana kwa drumu. Bomba lililopakwa zinki nalo liache: ukilichomelea linatoa moshi wa sumu.

Sababu ni hii, na nadharia yangu yote iko hapa. Kwa presha ya bar 7, maji ndani ya boila yana joto la karibu nyuzi 170, ilhali kwenye sufuria hapa Nairobi yanachemka yakifika nyuzi 94 au 95. Boila likipasuka, yale maji hayawezi kubaki maji. Katika lita 50, karibu lita 7 hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo unajaza zaidi ya nusu ya chumba cha futi kumi kwa kumi. Ndiyo maana boila huchomelewa na fundi aliyehitimu kuchomelea vyombo vya presha, kwa bamba la boila lenye cheti chake, na kupimwa kabla halijaona moto.

Kipimo chenyewe hufanywa kwa maji baridi. Jaza boila mpaka juu, toa hewa yote, kisha sukuma kwa pampu ya mkono hadi mara 2 ya presha ya kazi kama boila ni jipya. Kwangu ni bar 14. Baada ya hapo rudia kila mwaka kwa mara 1.5. Usipime kwa kompresa ya kujazia magurudumu. Maji hayabanwi, kwa hiyo chuma kikifunguka yanatoka tone tone na presha inashuka. Hewa iliyobanwa hupasua na kurusha vipande. Nimeshawaona watu wazima, mafundi wazuri, wakipima kwa kompresa huku wameinamia boila kusikiliza panapovuja, na nikalazimika kuwavuta bega.

Upande wa karatasi: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka maboila ya mvuke yakaguliwe na mtu aliyeidhinishwa. Iliandikwa kwa ajili ya sehemu za kazi, lakini mkaguzi wa aina hiyo ndiye unayemtaka akuangalizie lako, hata kama unaliendesha kwa mapenzi tu. Usajili na ukaguzi wa gari ni kazi ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Nenda ukaulize ukiwa bado na michoro mkononi, usingoje gari liishe. Mpaka upate namba na bima, endesha ndani ya uwanja wenye ukuta. Langu lilizunguka kwenye shamba la binamu yangu Ruai muda mrefu kabla ya kuiona lami, na ule muda haukupotea hata kidogo, kwa sababu ndipo nilipojifunza kulisoma.

Vitu vya kuwa navyo

- Vali ya usalama iliyowekwa kufunguka kwenye bar 7 na kufungwa kwa lakiri ya risasi ili mkono wa mtu usiichezee. Zikiwa mbili ni bora.
- Geji ya presha inayosoma hadi karibu mara mbili ya presha ya kazi.
- Kioo cha maji, yaani bomba la kioo linaloonyesha kiwango cha maji boilani, chenye koki tatu: ya juu ya mvuke, ya chini ya maji, na ya kumwagia. Kiwe na kinga ya kioo kinene mbele yake.
- Njia mbili za kuingiza maji zisizotegemeana. Mimi nina pampu inayoendeshwa na ekseli, na injekta, kifaa kinachosukuma maji boilani kwa nguvu ya mvuke wenyewe. Pampu ya mkono ni ya tatu, na imeshaniokoa.
- Plagi ya kuyeyuka kwenye dari ya jiko: maji yakipungua mno inayeyuka na kuachia mvuke juu ya moto.
- Breki kamili za magurudumu. Usihesabu kwamba utasimama kwa kurudisha injini nyuma.
- Oili ya silinda ya mvuke, namba 460.
- Kuni kavu, makaa ya mti mgumu, glavu za ngozi, koleo, ndoo ya mchanga, kizima-moto, spana, vioo vya akiba na gasketi zake.
- Mtu wa pili. Safari kumi za mwanzo usiende peke yako.

Kufunika boila lisipoteze joto, tumia sufi ya mwamba halafu bati juu yake. Usibandue asbesto ya paa la zamani.

Kuhusu oili nitasema zaidi kidogo, kwa kuwa hapo ndipo injini nyingi huharibikia. Oili ya kawaida ya gari huchanganyika na maji ikawa kama maziwa, kisha inaoshwa kwenye silinda na kuacha chuma kwa chuma. Oili nzito ya gia ya nyuma ya lori nayo inaonekana inafaa kwa vile ni nene, lakini dawa zilizomo hula shaba ikipata joto. Ukienda maduka ya oili Industrial Area, taja kwa ukamilifu: oili ya silinda ya mvuke. Wakikuambia "hii nyingine ni sawa tu", shukuru na uendelee na duka linalofuata.

Maji

Maji ya mvua ndiyo bora. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la mabati, kisha kinga. Maji ya mfereji ya Nairobi, ambayo mengi hutoka bwawa la Ndakaini, ni laini na yanafaa vizuri. Maji ya visima virefu ndiyo yenye matatizo: mengi hapa mjini yana magadi. Boilani magadi hutoa povu, povu huingia kwenye bomba la mvuke, na maji hufika silinda mahali ambapo mvuke peke yake ndio unaotakiwa. Mwenye kibanda akikuuzia mtungi wa lita 20, muulize ni maji ya mfereji au ya kisima. Mimi pia huyaonja.

Gari langu hunywa lita moja na nusu hadi mbili kwa kilomita. Tangi la lita 60 linanipa kilomita 30, au 40 nikiwa na bahati, lakini mpango wangu wa safari ni wa kilomita 20 kati ya kituo na kituo.

Hatua za siku yenyewe

1. Lizunguke likiwa baridi. Gusa kila nati ya boila, kaza cheni, angalia breki, toa majivu ya jana, na upige brashi kwenye mabomba ya moshi. Masizi yenye unene wa ukucha yanakula moto wako bure. Gari litoke nje kabisa: makaa ndani ya gereji iliyofungwa yanaua bila harufu.

2. Jaza maji hadi nusu ya kioo. Usijaze zaidi. Kutoka baridi hadi nyuzi 170 maji huvimba kwa karibu sehemu moja ya kumi, na ukianza robo tatu utamaliza kioo kikiwa kimejaa, usijue tena kiwango kiko wapi.

3. Fungua koki ya hewa iliyo juu ya boila. Hewa itoke, usije ukaisoma kwenye geji ukadhani ni mvuke. Mvuke mweupe ukianza kutoka kwa nguvu, funga.

4. Washa moto taratibu. Vijiti vikavu vya mukima (mti wa grevillea) kwanza, kisha kuni za unene wa kifundo cha mkono, halafu makaa. Kwa lita 50 jipe dakika 45 hadi saa nzima. Anayeharakisha kwa kupuliza feni anavuta mabomba upande mmoja na bamba upande mwingine, na viungo huanza kulia maji. Hapa tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya sita, kwa hiyo moto wako unahitaji nafasi kubwa zaidi chini ya chanja (vyuma vinavyobeba moto) na dohani isiyobanwa. Ukinakili mchoro wa mtu wa pwani, ongeza upana wa jiko.

5. Presha ikifika bar 1, pima kioo. Hii ndiyo hatua ninayotaka uijue hata ukilala. Fungua koki ya kumwagia: maji na mvuke vitoke pamoja. Funga ya maji: utoke mvuke peke yake. Ifungue, ufunge ya mvuke: yatoke maji peke yake. Fungua tena, kisha funga ya kumwagia. Maji yaruke juu mara moja na kusimama pale yalipokuwa. Yakipanda polepole kama mtu anayepanda ngazi na mzigo, njia ya chini imeanza kuziba. Usiende popote.

   Nasisitiza kwa sababu nilishaponea hapo. Mwaka wangu wa kwanza, nikiwa Ruai, kioo kilionyesha nusu kwa dakika ishirini na mimi nikajipongeza kwamba nimejua kupima pampu. Kisha nikaona kitu kidogo. Maji yaliyo hai kwenye kioo hucheza. Gari likitikisika yanapanda na kushuka kidogo, muda wote. Yale yalikuwa yametulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Nikafungua koki ya kumwagia, ukatoka mvuke mtupu, na kioo kikabaki tupu. Punje ya ukoko mweupe, ndogo kuliko punje ya mchele, ilikuwa imekaa kwenye tundu la chini. Tuliufunika moto kwa udongo wenye unyevu, tukaenda kukaa mbali. Boila lilipopoa nikapima kwa kijiti: maji yalikuwa vidole viwili juu ya dari ya jiko.

6. Acha presha ipande hadi vali ya usalama ifunguke yenyewe. Kila siku ya safari, kabla ya kusogea. Soma geji ikifunguka. Ikipita bar 7 na vali imenyamaza, fungua milango ya jiko, ingiza maji, punguza moto, na siku hiyo imeishia hapo.

7. Jaribu injekta na pampu ya mkono, moja baada ya nyingine; pampu ya ekseli utaijaribu gari likianza kusogea. Kifaa kimoja kikigoma, usisafiri kwa kutegemea kingine. Kirekebishe kwanza.

8. Pasha silinda. Fungua koki za kutolea maji chini ya silinda, kanyaga breki, fungua mvuke kidogo sana, na usogeze wenzo wa kugeuza mwendo wa injini mbele na nyuma. Yatatoka maji, kisha maji na mvuke, kisha mvuke mkavu. Mwanzo wa wengi kuvunja kitu ni hapa: maji yakibaki juu ya pistoni hayabanwi, na kinachokubali ni kifuniko cha silinda au kiwiko cha injini.

9. Ondoka na koki zikiwa wazi kwa mita chache, kisha zifunge. Watu wasisimame pembeni, mvuke unaunguza hata pale usipoonekana. Ukishapata mwendo, rudisha wenzo kuelekea katikati ili mvuke ukatwe mapema na kumalizia kazi kwa kupanuka. Utasikia pumzi ya injini ikilainika. Ukiacha wenzo mwisho kabisa, utamaliza maji kabla hujamaliza kuni.

10. Barabarani, kichwa chako kiwe na mzunguko mmoja: barabara, kioo, geji, barabara. Ingiza maji kidogo kidogo muda wote, usingoje yashuke ndipo umwage mengi ya baridi, presha itaanguka. Kabla ya mlima, moto uwe mwekundu na maji yawe juu ya nusu. Kabla ya mteremko kuwa makini zaidi, kwa kuwa maji hulalia mbele na kioo chako huenda kikasema uongo. Mimi hutoka Jumapili alfajiri, upande wa kushoto, kilomita 30 au 35 kwa saa, kwa Kangundo Road. Foleni ya jioni ya Jogoo Road haifai: gari limesimama, moto unaendelea, vali inafunguka kwa kishindo na abiria wa matatu ya pembeni wanaruka. Ukinaswa, funga mlango wa hewa chini ya jiko, ingiza maji, na uwaambie watu wa bodaboda wasogee kabla vali haijafunguka. Usiikazie vali kwa sababu ya aibu ya kelele. Kamwe.

11. Kulilaza. Kilomita mbili za mwisho usiongeze kuni. Ukifika, jaza maji hadi robo tatu, acha moto ufe wenyewe. Usimwagie jiko maji. Presha ikishuka hadi karibu bar 1, fungua vali ya chini kwa sekunde chache utoe tope, ielekee mahali pasipo mtu wala mtoto. Paka oili injini ikiwa bado na joto, ukiizungusha polepole. Boila likikaa zaidi ya wiki mbili, ama lijaze maji hadi juu kabisa, ama likaushe kabisa. Nusu nusu ndiyo kutu.

Kila safari kumi, fungua mashimo ya kuoshea na usafishe ndani. Ukitumia maji ya kisima, kila safari tatu.

Kioo kikiwa tupu

Kama huoni maji na huna hakika kama yapo chini kidogo ya kioo au yamekwisha, usiingize maji. Najua mkono utaenda kwenye pampu. Maji ya baridi yakigusa dari ya jiko iliyokuwa nyekundu yanageuka mvuke wote mara moja. Funika moto kwa udongo au majivu yenye unyevu, funga mlango wa hewa, zima injini hapo hapo ulipo, wapeleke watu mbali, ungoje lipoe lenyewe. Hata kama itachukua muda wa saa tatu. Hata kama dereva wa nyuma anapiga honi.

Likigoma

*Presha haipandi.* Masizi kwenye mabomba, kuni mbichi, au majivu yameziba chanja. Angalia kwa mpangilio huo. Kuni ikitoa povu kwenye ncha bado ina maji.

*Injekta inamwaga maji chini, haiingizi.* Mara nyingi maji ya tangi yana joto. Tangi jeusi kwenye jua la Februari linatosha kuiharibia kazi. Lipake rangi nyeupe, au mwagia injekta yenyewe maji ya baridi ujaribu tena. Kama bado, kagua uchafu kwenye kichujio na hewa inayoingia kwenye kiungo cha bomba la kuvutia.

*Injini inagonga na dohani inatema maji.* Boila limejaa kupita kiasi au lina povu. Punguza mvuke, fungua koki za silinda, toa kidogo kwa vali ya chini. Kama ni povu la magadi, mwaga maji yote nyumbani na uanze na ya mvua.

*Mvuke upo, gari haliondoki.* Hakikisha breki imeachwa, kisha angalia wenzo kama uko katikati. Injini ya silinda moja huweza kukwama ncha ya mwisho. Sukuma gari kidogo ukiwa umefunga mvuke, kamwe usishike gurudumu mvuke ukiwa wazi. Ya silinda mbili zilizopishana robo mzunguko haina shida hii.

*Vali ya usalama inavuja muda wote.* Punje ya uchafu kwenye kikalio chake. Iinue kwa mkono mara moja uisafishe kwa mvuke. Isipoacha, subiri boila lipoe, uifungue, uisugue upya. Kuikaza ili inyamaze si matengenezo.

*Mvuke unavuja kwenye fimbo ya pistoni.* Kamba ya grafiti imekwisha. Badilisha, kaza kwa vidole tu kwanza, kisha robo mzunguko wa spana. Ukikaza sana fimbo inachimbika.

*Sijui kioo changu kikae wapi.* Nenda Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni ya zamani. Pale amesimama Mount Gelai, namba 5918, mmoja wa magarimoshi 34 ya daraja la 59 yaliyojengwa Manchester katikati ya miaka ya 1950, yenye zaidi ya tani 250. Ingia pale dereva alipofanyia kazi, uangalie vyombo vilikopangwa na mkono ulivyovifikia. Kisha rudi kwako, kaa kwenye kiti chako, funga mkanda, na uangalie kama kioo unakiona bila kugeuza shingo. Kama hukioni, kihamishe.